Makosa Yaliyojazana Mahali Pamoja

Katika daftari la imla la mtoto wa Gredi ya Tano mjini Ruiru, makosa hayakutawanyika. Yamejazana katika sentensi ya tatu, baada ya neno "mkulima". Daftari la jirani yake ni vivyo hivyo, na la aliyeketi nyuma yao pia. Mwalimu wao wa Kiswahili ananionyesha kwa kidole: hapo ndipo matatu ilipopita ikipiga muziki.

Shule iko kando ya barabara kuu ya Thika, ile iliyozinduliwa 2012. Mwalimu amejizoeza kunyamaza. Akisikia besi inakaribia, hukatiza, husubiri, kisha huisoma sentensi upya tangu mwanzo. Mtoto aliyeandika nusu, anasema, hawezi kuishika nusu ya pili akilini huku mtu mwingine akimwimbia masikioni. Malori ya mawe yatokayo Juja hayampi taabu kiasi hicho. "Lori linanguruma tu, bwana mwandishi. Halina maneno."

Kauli hiyo imekataa kunitoka. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwapa watu orodha za kukumbuka huku Kijerumani wasichokijua kikisikika. Kumbukumbu ilivurugika hata hivyo. Sauti inayobadilika-badilika huvuruga mpangilio wa mambo akilini. Mngurumo wa aina moja huvuruga kidogo tu. Ndiyo sababu pale Blue Post, Thika, maporomoko ya Chania hunguruma mchana kutwa na mgeni akasoma gazeti lake kwa raha.

Hata hivyo, kelele kubwa ya chuma nayo huumiza. Mwaka 1975, Arline Bronzaft alionyesha kwamba watoto wa shule moja New York waliosomea upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Reli ikawekewa mpira, madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti. Kufikia 1981 pengo lilikuwa limezibika.

Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009: desibeli 40 mchana katika maeneo ya utulivu. Matatu zinapita bado. Je, katika Shule ya Wasioona ya Thika, ambako sikio ndilo hubeba sehemu kubwa ya somo, hasara ni kiasi gani?

Mwalimu ana swali lake. Matokeo ya wanafunzi wake yakilinganishwa na ya shule iliyo ndani ya mashamba ya kahawa, kuna anayeihesabu barabara?