AHADI NI DENI: HABARI ZA MJI WA BABA KRISMASI NA RELI ZAKE ZA KUTEREMKA

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kupanda gari la moshi na kulisikia likihema mlimani. Lakini ni wachache waliopata kuona gari lililoundwa kwa kusudi moja tu, nalo ni kumpandisha mtu juu ya mlima wa mbao, kumteremsha kwa kishindo, na kumrudisha pale pale alipoanzia, huku akicheka na kufuta machozi. Gari la namna hiyo Wamarekani huliita rola-kosta. Leo twataka kuwaeleza habari za uwanja mmoja wa bembea wenye magari hayo, ambao haumo katika jiji kubwa, bali umo shambani, katika nchi ya mahindi na soya, kusini mwa jimbo la Indiana.

Mji na posta yake

Mji wenyewe huitwa Santa Claus, yaani Baba Krismasi, na wakazi wake hawafiki 3,000. Husimuliwa kwamba wazee wa kwanza walitaka kuuita Santa Fe, lakini wakubwa wa posta wakakataa kwa kuwa jina hilo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Ndipo katika mwaka 1856 jina la Santa Claus likakubaliwa na posta.

Jina likawa kazi. Watoto wa nchi nzima walianza kumwandikia Baba Krismasi kwa anwani ya mji huo, na tangu mwaka 1914 mkuu wa posta, Bwana James Martin, akashika kalamu na kuwajibu. Karani yeyote anayesoma gazeti hili ajua uzito wa kazi hiyo: barua haina cheo, wala mwandishi wake hajui tahajia, lakini angoja jibu.

Tatizo lilikuwa kwa watoto waliofika wenyewe. Walisafiri na wazazi wao kutoka mbali ili wamwone Baba Krismasi, nao hawakumkuta. Bwana Louis J. Koch, mwenye viwanda aliyestaafu katika mji wa Evansville na baba wa watoto tisa, aliona huzuni hiyo ikamchoma moyo. Akajenga uwanja, na tarehe 3 Agosti 1946 akaufungua kwa jina la Santa Claus Land. Palikuwa na Baba Krismasi mwenyewe, duka la vitu vya kuchezea, mahali pa kula, na gari la moshi dogo la watoto. Kuingia kulikuwa bure. Hata kiingilio kilipoanza kutozwa mwaka 1955, mtu mzima alilipa senti 50 za Kimarekani, na mtoto hakulipa kitu.

Kukua bila pupa

Mwenye shamba mwenye busara hanunui ng'ombe kumi siku moja na huku majani anayo ya wawili. Ndivyo jamaa ya Koch walivyofanya. Mwaka 1984 uwanja ulipewa jina jipya, Holiday World, maana yake Dunia ya Sikukuu, na ukagawanywa kwa sikukuu za Wamarekani. Mwaka 1993 waliongeza mabwawa na michezo ya maji. Rola-kosta kubwa ya kwanza ya mbao, iitwayo Raven, yaani Kunguru, haikuja mpaka mwaka 1995, wakati uwanja ulipokuwa na umri wa miaka karibu 50.

Mnara wa Raven una kimo cha futi 80 tu, ambacho si kitu mbele ya viwanja vya matajiri. Lakini mafundi waliitazama nchi kabla ya kukata mbao. Waliipitisha reli kando ya ziwa dogo liitwalo Rudolph na katikati ya miti, hata gari likawa lateremka mabonde ambayo abiria hakuyaona. (Wazee watakumbuka kwamba nasi tulikuwa na ziwa la jina kama hilo kabla halijaitwa Turkana mwaka 1975. Lakini lile la Indiana lapata jina kwa yule kulungu wa hadithi mwenye pua nyekundu.) Rola-kosta ya pili, Legend, ilifuata mwaka 2000. Mnara wake ni futi 99, lakini mteremko wake ni futi 113. Mkulima wa mlimani hatashangaa: ardhi yenyewe inateremka, na mjenzi ameitumia.

Mwaka 2006 ikaja The Voyage, yaani Safari ya Baharini, kukumbuka wale Waingereza waliovuka bahari ya Atlantiki katika jahazi la Mayflower. Hii ina kimo cha futi 163 na urefu wa futi 6,442, ambao wapita maili moja. Hukimbia kwa mwendo wa maili 67 kwa saa, na mara kadhaa huzama katika mapango chini ya ardhi. Hapa Kenya dereva wa matatu haruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, yaani maili 50. Na mwaka 2015 ililetwa Thunderbird, ya chuma, iliyoundwa na mafundi wa Uswisi. Hiyo haivutwi mlimani, bali husukumwa kwa nguvu za sumaku, nayo hupata mwendo wa maili 60 kwa saa katika sekunde tatu na nusu.

Gari lisilo na injini

Huenda msomaji akauliza: je, injini ya rola-kosta ya mbao iko wapi? Jibu ni kwamba gari lenyewe halina. Mnyororo hulivuta mpaka kilele cha kwanza, kisha huliachia, na kutoka hapo uzito wake ndio unaolikimbiza. Kwa kuwa upepo na msuguano wa magurudumu hupunguza nguvu hiyo kidogo kidogo, hakuna kilima cha mbele kinachoweza kukipita kile cha kwanza.

Na mbona halirushwi nje ya reli? Kwa sababu magurudumu yake ni ya namna tatu: ya juu hubeba uzito, ya ubavuni huzuia kuyumba, na ya chini huikamata reli kwa chini ili gari lisiinuke. Tena njia imegawanywa vipande, na gari haliruhusiwi kuingia katika kipande kabla gari la mbele halijatoka, kama ilivyo desturi ya magari ya moshi. Kabla ya wageni kuingia, mafundi hukagua mbao, misumari na reli, kwa maana mbao hupanuka na kusinyaa kwa jua na mvua.

Hata hivyo chuma na mbao havitoshi. Mwaka 2003 mwanamke mmoja alitupwa nje ya gari la Raven akafariki. Walioshuhudia walisema walimwona amesimama wakati gari likiteremka. Habari hiyo ni ya kusikitisha, nasi hatuitaji ili kumlaumu marehemu. Twaitaja ili wasomaji wakumbuke, iwe ni katika bembea za maonyesho ya kilimo au katika basi la kwenda nyumbani, kwamba mkanda haumfai mtu asipoufunga. Mtoto anayezuiwa kwa kuwa hakufika kimo cha fimbo ya kupimia hakuonewa, amehifadhiwa.

Maneno yetu ughaibuni

Katika mabwawa ya uwanja huo kuna jambo litakalowafurahisha wasomaji. Waliojenga walitaka majina yanayonukia Afrika, wakachota katika Kiswahili. Bwawa la mawimbi liliitwa Bahari. Bomba linalomzungusha mtu ndani ya chombo cha mviringo na kumtoa kwa chini liliitwa Bakuli. Mahali pa watoto kumwagiana maji paliitwa Kima Bay, kwa jina la nyani wetu mdogo wa msituni. Na mwaka 2017 watoto wadogo walifunguliwa Tembo Falls, yaani Maporomoko ya Tembo. Yule aliyechagua jina alikuwa akimfikiria mnyama mwenye mkonga. Mtu wa pwani akilisikia aweza kuuliza upesi njia ya kufika huko, akidhani ni mnazi unaotiririka!

Mashua za kuteremka majini pia zina majina ya porini. Wildebeest, yaani Nyumbu, ilifunguliwa mwaka 2010, na njia yake ni futi 1,710. Mwaka 2020 ikafuata ile ya Duma, Cheetah Chase.

Kurudi kwa mtoto

Baada ya reli hizo zote za kutisha, wengi wangedhani kwamba ya mwaka 2024 itakuwa ndefu zaidi na kali zaidi. Haikuwa hivyo. Iliyofunguliwa mwaka huo yaitwa Good Gravy!, nayo yahusu mchuzi. Kisa chake ni bibi anayepika chakula cha sikukuu ya mavuno na kupungukiwa na mchuzi. Abiria huketi katika gari lenye sura ya chombo cha mchuzi, huvutwa kinyumenyume, huachiwa kwenda mbele, kisha hurudi kwa njia ile ile wakitanguliza visogo. Kimo chake ni futi 77, na mwendo wake maili 37 kwa saa. Ni mwendo wa kupandwa na mjukuu na bibi yake pamoja.

Nasi twaona kwamba hapo ndipo ilipo siri ya uwanja huu. Wenye nao wangeweza kushindana na majiji kwa urefu wa minara mpaka mfuko utoboke. Badala yake, kila baada ya miaka kadhaa, wamerudi kwa yule mtoto wa mwaka 1946 aliyesafiri mbali akakuta patupu. Hawakumsahau hata mzazi mwenye mshahara mdogo: tangu mwaka 2000 soda hutolewa bure kwa kila aliyeingia, na vivyo hivyo kuegesha gari na mafuta ya kukinga ngozi na jua.

Mji mdogo wa wakulima, usio na bahari wala mlima wenye sifa, ulikuwa na kitu kimoja tu: jina ambalo watoto waliliamini. Palitokea mtu akaona kwamba jina hilo ni ahadi, na wahenga walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni. Kila mmoja wetu atazame kijiji chake. Huenda nacho kina jina, chemchemi, au desturi ambayo wageni huifuata kutoka mbali, nao wakifika hawapati hata benchi la kukalia.