Singa ya Mkia na Njaa ya Ng'ombe

Ndugu mkulima, ukimtazama ng'ombe wako jioni waweza kusema leo amekula nini, maana ulimwona malishoni. Lakini waweza kusema alikula nini miezi sita iliyopita? Wataalam waweza, tena kwa singa chache tu za mkia. Hata hivyo, njaa huweza kuwapoteza njia. Tusikilize kwa nini, maana ndani yake mna somo kwa kila mwenye mifugo, kuanzia Kitengela mpaka Kajiado.

Singa hukua kidogo kidogo kutoka kwenye ngozi. Ncha yake ni ya zamani. Shina lake ni la juzi. Kila chakula huacha alama ndani yake. Katika chakula mna kaboni ya namna mbili, nyepesi na nzito, na namna hizo huitwa isotopu. Nyasi za mbuga zetu zina kaboni nzito zaidi kuliko majani ya miti na vichaka. Basi mnyama wa nyasi na mnyama wa vichaka hujulikana kwa singa zao. Huko Samburu wataalam walipima singa za tembo, wakachapisha matokeo mwaka 2006 na 2009. Mvua iliponyesha tembo waligeukia nyasi. Kiangazi kilipoingia walirudi kwenye miti na vichaka.

Iko alama ya pili, nayo ni naitrojeni. Hiyo pia ni nyepesi na nzito. Kila mlaji huwa na naitrojeni nzito kuliko chakula chake, kwa kadiri ya sehemu 3 katika elfu. Ndiyo sababu simba humzidi punda milia, na punda milia huzizidi nyasi.

Sasa njaa ikiingia, mambo hubadilika. Mwili hauwezi kukaa bila chakula, basi huanza kuvunja nyama yake wenyewe. Mfikirie mama apepetaye mtama kwa ungo. Makapi mepesi huruka, chembe nzito hubaki. Mwili nao hutoa naitrojeni nyepesi zaidi katika mkojo, na ile nzito hubaki. Nyama iliyokwisha kupepetwa ikivunjwa tena, hupepetwa mara ya pili. Mwisho wake singa husema kwamba mnyama huyu amekula nyama. Kweli amekula, lakini nyama ni yake mwenyewe!

Mwaka 1993 wataalam walichapisha habari za mabata bukini huko Kanada, ambao majike yao huatamia mayai bila kula vya kutosha. Naitrojeni nzito iliongezeka katika miili yao, ingawa hawakubadili chakula. Tena mnyama akikonda sana, singa yake hukua polepole, hata miezi miwili ya taabu yaweza kuonekana kama mmoja. Kwa hiyo mtaalam mwenye busara haiulizi singa peke yake. Huuliza pia mvua ilikuwaje, na mnyama alikuwa na hali gani.

Na sisi je? Hatuna mashine ya kupima isotopu, lakini tuna macho na mikono. Katika ukame wa 2009, na tena 2022, ng'ombe wengi wa Kajiado walikufa. Kabla ya kufa walikula miili yao kwa majuma mengi. Wengine walikuwa na matumbo yaliyojaa nyasi kavu, na mwenyewe akadhani wameshiba. Nyasi iliyokauka sana hujaza tumbo, lakini haijengi nyama. Usidanganywe na tumbo.

Basi shika mambo haya matatu:

Kwanza, kila juma pitisha mkono juu ya mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Mifupa ikianza kujitokeza, ujue mnyama ameanza kujila.

Pili, uza mapema. Toa ng'ombe wazee na wasiozaa wakati wangali na nyama. Kila kilo wanayojila wenyewe ni fedha inayotoka mfukoni mwako, nawe ukingoja mpaka asiweze kusimama, hutapata mnunuzi.

Tatu, kata nyasi zinapoanza kuchanua, uzikaushe na kuziweka mahali pasipofika mvua. Wazee wa Kimaasai walijua jambo hili zamani. Walitenga olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Siku hizi mashamba yana nyua na ng'ombe hawezi kuhama kama zamani, kwa hiyo haja ya akiba imezidi.

Mtaalam atakuja baadaye kusoma njaa katika singa. Wewe isome leo katika mbavu, kabla haijaandikwa.