UBAGUZI WA DINI KAZINI: HAKI NA WAJIBU WA MFANYAKAZI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa dini ya mtu si sababu ya kumpa kazi, wala si sababu ya kumnyima. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 kinakataza ubaguzi, na kifungu cha 19 kinalinda uhuru wa kila mtu kuamini dini aitakayo.

Wengi hudhani kuwa ubaguzi ni kumfukuza mtu au kumtukana kwa imani yake. Maana yake ni pana zaidi. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unataja mambo matatu: kumtofautisha mtu, kumtenga na kumpendelea, kwa namna inayovunja usawa katika ajira. Kwa hiyo, mkuu wa kazi anayempandisha cheo mwenzake wa dini na kumwacha anayestahiki zaidi amebagua, hata kama hakutamka neno baya. Ni hali kadhalika kwa anayeweka kando barua ya maombi ya kazi kwa kusoma jina la mwombaji tu.

Mkataba huo unatambua kuwa ziko kazi ambazo zenyewe zinadai sifa maalumu. Msikiti una haki ya kutafuta imamu Muislamu, na kanisa padri Mkristo. Lakini karani, dereva au muuguzi hupimwa kwa elimu, uzoefu na uadilifu wake.

Haki hii ina wajibu wake. Anayehitaji nafasi kwa sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili amwombe mkuu wake mapema, wapange pamoja namna kazi itakavyoendelea. Kuondoka bila ya ruhusa na kumwacha mgonjwa bila ya huduma hakuhalalishwi na haki hii.

Aliyebaguliwa asinyamaze. Aandike tarehe, aliyotendewa na walioshuhudia, ahifadhi barua zake, kisha alalamike kwa maandishi. Mtumishi wa umma afuate ngazi zilizowekwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011. Mfanyakazi wa hoteli, kampuni au duka analindwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na afike Ofisi ya Kazi kupata maelekezo.

Wakuu wa kazi wazingatie kuwa mshahara wa mtu mmoja hulisha nyumba nzima. Anayenyimwa kazi kwa dini yake hanyimwi peke yake; wananyimwa pamoja naye wazee na watoto wanaomtegemea.