Mzee na Maji ya Udhu

Babu zetu hapa Buhaya walikaa katika nyumba za msonge, na sakafu zake zilitandikwa nyasi. Mzee akianguka, aliangukia pororo. Leo twawajengea wazazi wetu nyumba za matofali na mabati, nasi twaona fahari, lakini sakafu ya saruji ikilowa maji huteleza kuliko kambare.

Fikirini, ndugu wasomaji, mzee huamka mara ngapi usiku. Huamka kwenda haja, kisha huamka alfajiri atawadhe. Choo kiko nyuma, migombani, nako ni giza. Na mvua ya Bukoba twaijua, kwa mwaka hufika milimita 2,000. Mtaani kwetu bibi mmoja alivunjika nyonga baina ya mlango na pipa la maji. Siku ile mwanawe alikuwa mjini akinunua rangi ya ukuta wa mbele.

Mti uliopigwa randa, ukakazwa ukutani kwa kimo cha kiuno toka kitandani hata chooni, wafaa kuliko rangi. Pa kutawadhia pakwaruzwe saruji ingali mbichi, na pawekwe kigoda imara, maana wengi huanguka wakiinua mguu kuuosha.

Tena tusisahau tetemeko la 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, lililobomoa nyumba nyingi mkoani kwetu. Mwenye miguu mizito hakimbii. Chumba chake kiwe karibu na mlango mkubwa, na mlango huo ufungukie nje.