Gari ya Turbo: Ulizeni Habari ya Oili Kabla ya Kulipa

Kikundi kimoja kilinijia na swali. Wameweka akiba ya gari, na kuna mtu anawauzia Subaru Forester XT ya miaka ya 2000, ya petroli na turbo, kwa bei nafuu. Wakaniuliza, "Kwani injini ya turbo haifi haraka?"

Ndugu zangu, si injini mbaya, ila yataka kutunzwa kuliko ile ya kawaida. Moshi unaotoka kwa injini una nguvu. Kwa turbo, moshi huo huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga kama ya feni, nalo huzungusha lingine linalosukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, petroli zaidi inachomwa na gari inapata nguvu. Sasa, mhimili wa magurudumu hayo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, tena kwenye joto kali. Kinachozuia chuma kusagana na chuma ni oili tu.

Hapo ndipo shida nyingi huanzia. Dereva anapanda mlima na mzigo, akifika anazima gari papo hapo. Oili iliyobaki kwa turbo inaungua, inakuwa masizi na kuziba njia. Turbo nyingi hupozwa na maji pia, na hiyo inasaidia, lakini ni heri aache injini ingurume polepole dakika moja au mbili. Baadhi ya injini hizi za Subaru zina kichujio kidogo sana ndani ya bolti ya paipu ya oili inayoenda kwa turbo. Mafundi wengi hukisahau. Kikiziba, turbo inakosa oili na kufa, na vipande vya chuma vyaweza kuingia kwa oili na kuharibu injini nzima.

Kwa hivyo muulizeni muuzaji: oili ilibadilishwa lini, na risiti ziko wapi? Mimi nashauri isipite kilomita 5,000. Chomoeni kijiti cha kupimia oili mjionee wenyewe. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Ulizeni pia mshipi wa taimingi, ambao hubadilishwa kama kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Na petroli iwe nzuri. Ikiwa hafifu, injini hugonga, na pistoni zaweza kupasuka. (Kuna vijana huongeza presha ya turbo ili gari ivume. Gari kama hiyo msiiguse!)

Mwende na fundi wenu, si wa muuzaji, na mtafute bei ya turbo madukani kabla ya kutoa shilingi. Kwa kubeba maziwa na mboga hadi sokoni, mimi naona Forester isiyo na turbo ingewatosha. Wenzetu wamerudi kwa muuzaji. Mpaka ninapoandika haya, hajaleta risiti hata moja.