Gemu Moja, Matoleo Mengi: Tafsiri Ilivyoigeuza Final Fantasy VI

Wahenga walinena kuwa uhondo wa ngoma uingie ucheze. Nami nimeingia, ila ngoma yangu mimi ni gemu. Najua wengi wenu mkisikia gemu mnafikiria vile vibanda vya PS huku Umoja, Kayole na Dandora, ambako vijana hushika padi wakafungana mabao hadi giza linaingia. Hebu leo niwaeleze gemu ya aina nyingine, ile ya masimulizi, ambayo mchezaji huwaongoza wahusika ndani ya hadithi ndefu kama riwaya. Nimeichagua kwa sababu ina funzo kwa chama chetu cha Kiswahili: anayeitafsiri hadithi ndiye anayeamua sisi wengine tutapata nini.

Gemu hiyo inaitwa Final Fantasy VI. Ilitungwa na kampuni ya Square ya Japani, ikatolewa huko tarehe 2 Aprili 1994 kwa mashine ya Nintendo iitwayo Super Famicom. Inamhusu msichana mwenye uwezo wa uchawi, ambaye dola moja katili linamtumia kama silaha ya vita. Adui mkubwa ni Kefka, jamaa aliyevaa kama mchekeshaji lakini ana roho ya chui. Na jambo la kushangaza ni kwamba katikati ya hadithi Kefka anashinda! Ulimwengu unavunjika, mashujaa wanatawanyika, na inabidi watafutane upya. Jamani, hiyo ni hadithi nzito.

Sasa tuyalinganishe matoleo.

Kwanza, jina. Gemu hii ilipofika Marekani mnamo Oktoba 1994, iliandikwa Final Fantasy III. Ya sita ikawa ya tatu! Sababu ni kwamba katika mfululizo huo, Wamarekani walikuwa wameuziwa ya kwanza na ya nne pekee. Ile ya nne waliipata mwaka wa 1991 ikiitwa ya pili. Ya pili halisi, ya tatu halisi na ya tano zilibaki Japani. Kisha mwaka wa 1997 ikaja Final Fantasy VII, na safari hii nambari haikubadilishwa. Kwa hivyo mchezaji wa Marekani aliruka kutoka III hadi VII, kama mwanafunzi aliyetoka darasa la tatu akaingia la saba bila kuona la nne, la tano wala la sita.

Pili, majina ya wahusika. Yule msichana kwa Kijapani anaitwa Tina. Mtafsiri wa toleo la Marekani, Ted Woolsey, aliona kuwa jina hilo lina ugeni mtamu masikioni mwa Mjapani, lakini Marekani akina Tina wamejaa tele. Basi akamwita Terra. Ni kama kumpa binti wa ajabu jina la Njeri hapa Buruburu. Msomaji angedhani ni jirani yake. Shujaa mwingine, Cayenne, akawa Cyan. Hesabu herufi uone: Cayenne ni 7, na nafasi ya jina katika gemu hiyo ilikuwa ya herufi 6 tu.

Tatu, mambo yaliyokatazwa. Tawi la Nintendo la Marekani lilikuwa na sheria kali wakati huo kuhusu dini, pombe, matusi na picha za uchi. Uchawi mmoja ambao Wajapani waliuita kwa neno la Kiingereza Holy, yaani takatifu, uliitwa Pearl, yaani lulu. Vibao vya baa vilivyoandikwa Pub vikaandikwa Cafe. Kiumbe wa kike aitwaye Siren akaongezewa nguo. Na palipohitaji maneno makali, Woolsey akamtungia Kefka kiapo cha kuchekesha kuhusu mtoto wa baharia wa nyambizi. Ama kwa hakika, vichekesho hivyo ni sehemu ya yale yaliyomfanya Kefka apendwe na wachezaji wa Kiingereza hadi leo. Kwa hivyo mtafsiri aliondoa hapa, akaongeza pale. Lakini mtoto wa Marekani wa mwaka huo hakuambiwa kuwa kuna kitu kimefunikwa. Alidhani amekula chungu kizima.

Nne, nafasi, na hapa ndipo Mswahili anapaswa kutega sikio. Kaseti ya gemu hiyo ilikuwa na megabaiti 3 pekee. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kuzidi hapo. Maandishi ya Kijapani ya kana hutumia alama moja kwa silabi nzima. Neno letu "kitabu" lina herufi 6, lakini kwa kana ni alama 3 tu: ki, ta, bu. Kiingereza hakina bahati hiyo, kwa hivyo Woolsey alilazimika kupunguza mazungumzo mengi, tena kazi yote aliifanya kwa takriban siku 30. Kumbe si kila kilichopotea kiliondolewa kwa makusudi. Kingine kilikosa tu mahali pa kukaa.

Na je, Ulaya? Huko toleo la 1994 halikuuzwa kabisa. Walisubiri hadi mwaka wa 2002, gemu ilipokuja kwa mashine ya PlayStation. Runinga za Ulaya zilitumia mtindo wa PAL, ambao picha zake ni 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani na Marekani, na gemu nyingi zikihamishwa bila kurekebishwa zilienda polepole. Runinga za Kenya enzi za analogi zilikuwa za PAL vilevile. Yaani toleo ambalo lingefaa seti zetu ndilo lililochelewa miaka minane.

Mtu atauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mwaka wa 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, akaiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara akawa bepari! Kwa neno hilo moja, msomaji wa Kiswahili alipewa jicho jipya la kuitazama hadithi ya kale. Na hapa Eastlands nani asiyemjua DJ Afro? Filamu ni ile ile ya ng'ambo, lakini akiisimulia kwa Kiswahili na Sheng, inakuwa toleo la mtaani kwetu, na hata nyanya asiyejua Kiingereza anacheka mahali panapostahili.

Mwaka wa 2022 Final Fantasy VI ilitolewa upya kwa kompyuta na simu. Inapatikana kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kirusi, Kichina, Kikorea na hata Kithai. Kiswahili hakimo. Inasikitisha, maana lugha yetu inafanana na Kijapani kuliko tunavyodhani. Maneno yao mengi huishia kwa irabu kama yetu. Ndiyo maana Toyota, Isuzu na Subaru hazitutatizi ulimi. Wakikopa neno la Kiingereza "fire" hulisema "faia", kama tu ambavyo sisi tungelisema. Na herufi za r na l kwao ni sauti moja. Wale wenzetu darasani ambao "kula" na "kura" ni mapacha vinywani mwao wangepata marafiki Tokyo!

Mimi nimejaribu kidogo. Ule uchawi wa Holy, "takatifu" ni neno la herufi 8, refu mno. Lakini "nuru" ni herufi 4, na utakatifu wenyewe haujapotea. Uchawi wa moto una ngazi tatu, ambazo toleo la Marekani la 1994 liliziita Fire, Fire 2 na Fire 3 tu. Nami naziita Cheche, Moto na Tanuri. Hakuna inayozidi herufi 6, na kila moja ina joto lake.

Nikimalizia, nawaomba wanachama wenzangu na walimu wetu tuanzishe kona ya tafsiri katika jarida hili. Kila mmoja achague ukurasa mmoja wa hadithi, wimbo au gemu aipendayo, autafsiri, kisha aeleze alichokata na kwa nini alikikata. Tusipotafsiri wenyewe, tutaendelea kupokea hadithi zilizopunguzwa na wengine, kwa sheria za kwao na kwa ajili ya watoto wa kwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo akiongea Kiswahili, tutapona zaidi.