KUTANDIKA BUTI LA GARI KABLA YA KUPAKIA KARAFUU



Msimu wa karafuu unakaribia. Kila mmoja wetu hivi sasa anafyeka chini ya mikarafuu, anashona majamvi yaliyochanika, na anahesabu wachumaji wake vidoleni. Hayo yote ni mema, wala hatuna haja ya kumfundisha mkulima wa Pemba namna ya kuchuma na kuanika, maana kazi hiyo ameirithi kwa babu zake. Lakini iko kazi moja ndogo ambayo wengi wetu huisahau, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza katika ukurasa huu: kazi ya kutandika buti la gari kabla ya kupakia karafuu.

Huenda msomaji akacheka na kusema, "Katibu amekosa la kuandika." Basi na atusikilize kwanza habari ya mzee mmoja, mwanachama mwenzetu, ambaye jina lake hatulitaji kwa kumhifadhia heshima yake.

Msimu uliopita, mwezi wa Desemba, mzee huyu alikuwa na magunia mawili ya karafuu zilizokauka vizuri. Ukizitia kiganjani zilikuwa nyepesi, na ukiivunja moja ilikatika kwa mlio, kama inavyotakiwa. Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaondoka, naye akaona bora aziwahishe kituoni. Akaja ofisini kwetu kuomba msaada wa gari, nasi tukamtafutia gari dogo la kukodi. Tukapakia, tukafunga buti, tukaondoka pamoja naye.

Hatukujua ya kuwa siku iliyotangulia gari lile lilichukua samaki, pamoja na dumu la dizeli la mashine ya boti. Zulia la buti kwa juu lilionekana kavu. Chini yake lilikuwa limelowa. Tena mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umekwisha kuliwa, na mvua ilipotukuta njiani maji yakaingia kidogo kidogo pasipo sisi kuona.

Tulipofika kituoni mpimaji alitia mkono mpaka chini ya gunia, akatoa karafuu kiganja kimoja, akainusa. Akamwita mwenzake, naye akainusa. Hawakusema maneno mengi. Magunia yakamwagwa, za juu zikatengwa na za chini. Za juu zikashushwa daraja, na zile zilizoshika harufu ya mafuta zikakataliwa kabisa. Mzee hakugombana na mtu. Tulipokuwa tukirudi ndipo aliposema, "Katibu, karafuu yangu jamvini ilikuwa mali. Imekuwa takataka kwa safari ya saa moja."

Fedha zile alizipangia mambo mawili: kuwalipa wachumaji, na ada ya mjukuu wake aliyekuwa chuoni. Wachumaji aliwalipa, maana jasho la mtu halicheleweshwi. Ada haikupatikana, na binti yule akakaa nyumbani muhula mzima. Twakiri mbele ya wanachama wote kwamba kosa lile lilikuwa letu. Gari tulilitafuta sisi, na buti hatukulitazama.

Tangu siku ile tulikuwa tukilifikiri jambo hili, na sababu yake si ngumu kufahamika. Karafuu si kama nazi, ambayo ina kifuu chake cha kuilinda. Uzito wa karafuu kavu, kiasi cha asilimia 15 hadi 20, ni mafuta yake yenyewe, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ile dawa iitwayo eujeno, ambayo madaktari wa meno huitumia mpaka leo. Kitu chenye mafuta kama hayo ni chepesi kushika harufu ya jirani yake. Tena karafuu hunyonya unyevu kama chumvi inavyonyonya. Kiwango cha kimataifa kinataka unyevu wa karafuu nzima usizidi asilimia 12. Nasi sote twajua jinsi tunavyohangaika juani kuufikia ukavu huo, mpaka kilo tatu hivi za mbichi zinarudi kuwa kilo moja. Basi kazi ya siku nne au tano za jua yaweza kuharibiwa na zulia bovu katika safari moja.

Wazee wetu wa majahazi hawakuwa wajinga wa jambo hili. Shehena ya karafuu ilipovushwa kwenda Unguja, haikuwekwa juu ya mbao tupu. Chini yalitandikwa makuti na majamvi, ili maji ya ngama yasiifikie. Nahodha aliyelowesha mali ya watu alikuwa na aibu ya kupita mbele za watu. Sisi tulipohama kutoka jahazini kwenda katika gari, tulichukua gunia, na jamvi tukaliacha pwani.

Dawa ya jambo hili tuliiona mahali ambapo hatukuitazamia. Mwezi wa Juni tulialikwa harusi ya jamaa yetu aliyehamia Mamba, katika Mkoa wa Katavi, ule uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Ni mbali. Tulivuka bahari, tukapanda treni ya reli ya kati mpaka Tabora, na kutoka huko tukashika tawi la reli linalokwenda Mpanda. Pale Mpanda tulikodi gari, tukapita Sitalike, penye viboko na mamba wa mto Katuma, tukakata katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha tukateremkia Kibaoni na Majimoto mpaka Mamba yenyewe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Hakuna mkarafuu hata mmoja huko. Mali yao ni mpunga, na mwezi huo walikuwa wamekwisha kuvuna. Vumbi la njia zile mgeni hulila mchana na kulikohoa usiku.

Dereva wetu alikuwa kijana wa huko huko, mwenye gari la Toyota la buti refu. Asubuhi alikuwa amechukua samaki wakavu wa Rukwa, mchana akachukua mchele, na jioni akatuchukua sisi na mizigo yetu ya harusi. Tulipofungua mabegi, nguo zetu hazikuwa na harufu ya samaki wala vumbi. Tukamwuliza, "Kijana, umefanyaje?" Akacheka, akafungua buti. Ndani mlikuwa na tandiko la turubai nene, limekatwa sawasawa na umbo la buti, kingo zake zimesimama kama za sinia. Juu yake pana mkeka. Akasema, "Mzee, mkeka mmoja wa samaki, mwingine wa mchele. Hili turubai ni la gari. Mwenye mchele akinusa samaki, kesho hanipi kazi."

Tulikaa naye kutwa moja akatuonyesha kazi yake. Tuliporudi nyumbani tulijaribu katika gari la mwanachama mmoja, na sasa tunaeleza kwa mpango, ili kila mtu aweze kufanya mwenyewe.

Kwanza, safisha buti. Toa vitu vyote, ondoa zulia, inua kifuniko cha tairi la akiba utazame chini yake, maana ndipo maji hujificha. Osha kwa sabuni, kisha acha milango wazi juani mpaka pakauke kabisa. Usitandike juu ya unyevu hata kidogo. Ukifunika maji umeyafuga, na bati litapata kutu. Ukisha, funga buti kwa muda wa saa moja, halafu lifungue na uinamishe pua. Likinuka, rudia kuosha.

Pili, chukua kipimo. Usikate turubai kwa kukisia. Twaa boksi kubwa la karatasi ngumu, lifungue, lilaze ndani ya buti, na ulikate mpaka lilingane na kila pembe na zile nundu mbili za magurudumu. Boksi likikosewa hasara yake ni ndogo, turubai likikosewa ni fedha. Boksi likikaa sawa, lilaze juu ya turubai, chora kwa chaki, kisha ongeza vidole vinne kila upande kabla ya kukata. Vidole vinne hivyo ndivyo vitakavyokunjwa kwenda juu viwe kingo. Kwenye pembe usikate. Kunja kama unavyokunja karatasi ya kufungia halua, kisha shona upande wa juu wa mkunjo, ili maji yasipate tundu.

Tatu, weka matandiko mawili, si moja. La chini ni turubai nene au mpira, la kuzuia maji na mafuta. La juu ni jamvi la miyaa. Wengine watauliza, kwa nini mpira peke yake usitoshe? Jawabu ni kwamba mpira mpya una harufu yake, na karafuu itaichukua. Tena mafuta ya karafuu hulainisha mpira na baadhi ya plastiki, kwa hiyo hasara huenda pande zote mbili. Na jamvi peke yake halitoshi, kwa sababu ukili haukuzuia maji kamwe. Vikiwa pamoja, kila kimoja humfichia mwenzake aibu. Jamvi hilo nalo likatwe kwa kipimo kile kile cha boksi, na ukingo wake upindwe na kushonwa, usifumuke.

Nne, usipige msumari wala parafujo. Magari mengi yana tangi la mafuta au nyaya chini ya sakafu ya buti, na msumari mmoja waweza kuleta msiba. Gundi pia usitie, maana tandiko lazima litolewe kila siku. Toboa matundu madogo kwenye kingo, juu kabisa, upitishe kamba na uifunge katika vile vishikizo vilivyomo ndani ya buti. Angalia pia tandiko lisiingie kati ya mlango na mpira wake. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi; karatasi ikitoka kwa urahisi, mlango haukukaza na maji yataingia. Na mpira wa mlango ukiwa umeliwa, ubadilishwe kwanza, maana tandiko halitengenezi mlango.

Tano, pakia kwa akili. Karafuu ziwe katika magunia ya juti, yanayopumua, wala si katika mifuko ya plastiki inayotoa jasho. Magunia yalazwe, yasisimamishwe, na yafungwe yasisogee gari linapofunga breki. Dizeli, petroli, mafuta ya taa, samaki, saruji na sabuni visipande safari moja na karafuu, hata mwenye navyo akiwa ni ndugu yako. Kila mtu afuate pia taratibu za kusafirisha karafuu zilizotangazwa, asije akaokoa daraja akapoteza shehena nzima.

Sita, baada ya safari toa matandiko yote mawili, yakung'ute, yaanike, na yatundike ndani. Jamvi la buti lisifanywe la kukalia wala la kuanikia dagaa.

Sasa tuhesabu. Tuseme tofauti ya daraja moja na jingine ni shilingi 2,000 kwa kilo, na gunia lina kilo 50. Kushushwa daraja gunia moja ni kupoteza shilingi 100,000, na magunia mawili ni shilingi 200,000. Hapo hatujahesabu zile zinazokataliwa kabisa. Turubai na jamvi havifiki huko, navyo vikitunzwa vitatumika misimu kadhaa.

Twajua ya kuwa wengi wetu hatuna magari. Kwa hiyo tunaleta shauri hili mbele ya mkutano mkuu ujao: kila tawi linunue turubai moja na majamvi mawili kwa fedha za Chama, likabidhiwe kwa mtu mmoja mwaminifu, na mwanachama anayekodi gari aazime na kurudisha, jina lake likiandikwa daftarini. Magari hayalingani, kwa hiyo turubai likatwe kwa gari kubwa zaidi linalotumika katika tawi. Likiingia katika dogo, kingo zake zitasimama juu zaidi, na hilo si dhara. Halmashauri imekwisha kulizungumza, nasi tunaomba kila tawi lije na maoni yake, ya kuunga na ya kupinga.

Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoanzishwa mwaka 1927, katika zama za ukoloni, kilikuwa na maghala na wapimaji wake; na Shirika la Biashara la Taifa lililoanzishwa mwaka 1968 limegawa majamvi na magunia kwa wakulima. Hayo yote ni ya shambani na ya kituoni. Njia iliyo katikati, kutoka jamvini mpaka mizanini, ni yetu wenyewe, wala hakuna atakayetutandikia.

Yule mzee tulimwendea wiki iliyopita kumwonyesha tandiko la kwanza tulilokata. Aliligeuza, akaupima mshono kwa kidole, akasema, "Pembe hii mmeishona chini mno, maji yatapita." Tukalifumua tukalishona tena mbele yake, na safari hii akaridhika. Magunia ya kwanza yatakayolala juu yake msimu huu, inshallah, yatakuwa yake, na kabla ya kupakia buti tutalinusa sisi wenyewe.

Katibu wenu